Matthew Lukwiya na Kazi ya Kukaa Karibu

Jumamosi tarehe 7 Oktoba 2000, Dkt. Matthew Lukwiya alirudi Lacor, hospitali ya Wakatoliki iliyo nje kidogo ya mji wa Gulu, kaskazini mwa Uganda. Alikuwa Kampala akisomea afya ya jamii Makerere pale alipopigiwa simu kwamba kuna ugonjwa usiojulikana na kwamba wanafunzi wa uuguzi wameanza kufa. Usiku ule alikaa na Sista Maria Di Santo wakapitia mafaili ya wagonjwa: nani aliingia lini, homa ilipanda lini, damu ilianza kutokea wapi. Akausoma mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu homa za kutoka damu, na kabla maabara ya Afrika Kusini haijathibitisha kwamba ni Ebola, wodi ya kuwatenga wagonjwa ilikuwa imekwisha kufunguliwa.

Wanaomkumbuka Dkt. Matthew huanza na kifo chake, wala siwalaumu. Mimi huanza na usiku ule wa mafaili, kwa sababu hapo ndipo fundi anapoonekana. Wengi wangeagiza dawa kwanza. Yeye alitaka kwanza kuona, na kuona kwenyewe kwa utaratibu, karatasi kwa karatasi, mpaka ugonjwa uonyeshe njia yake.

Niko Kasaji, Kongo, kwenye reli itokayo Kolwezi kuelekea Dilolo na mpaka wa Angola, na kazi yangu ni uuguzi. Huku kwetu mgonjwa mahututi mara nyingi ni mtoto. Analetwa mgongoni mwa mama yake juu ya baiskeli au pikipiki, wakati wa masika barabara ikiwa tope tupu, na malaria imekwisha kummaliza damu. Viganja vyake ni vyeupe. Mashine za reanimasyo, yaani za uangalizi wa mahututi, ni habari za Kolwezi, na safari ya kufika huko mtoto wa namna hiyo haiwezi. Kwa hiyo yote hufanyika pale pale kitandani, kwa kilichopo.

Kilichopo kwanza ni macho. Unahesabu pumzi kwa dakika nzima. Ukihesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili utadanganyika, maana mtoto aliyechoka hupumua kwa mafungu: haraka haraka, kisha kimya, kisha haraka tena. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha pumzi 40 kwa dakika tunasema anapumua mbio. Kwa aliye na miezi miwili hadi chini ya mwaka, mpaka ni 50. Lakini namba peke yake haisemi yote. Yuko mtoto wa nimonia, ambaye kifua kinabonyea chini ya mbavu kila anapovuta hewa. Na yuko mwingine anayevuta pumzi ndefu, za nguvu, kama aliyetoka kukimbia, ilhali ukimsikiliza mapafu yake ni safi. Huyo wa pili asidi imezidi mwilini mwake kwa sababu damu haitoshi kubeba hewa hadi kwenye viungo. Wa kwanza umpe oksijeni na antibiotiki. Wa pili anataka damu, na anaitaka sasa hivi, na hapo ndipo baba na wajomba wanapoamshwa kwenye varanda waje wapimwe.

Mwanafunzi anayeanza kazi huwaona watoto hao wawili kuwa wamoja. Hakuna kitabu kilichonifundisha kuwatofautisha. Nilisimamishwa kando ya kitanda na aliyenitangulia, nikaambiwa niangalie tumbo, niangalie shingo, niangalie pua, nisiseme kitu mpaka nimeangalia. Ndivyo ujuzi huu unavyopita, kutoka jicho hadi jicho. Halafu unafundishwa kutouamini ukimya. Mtoto aliyetulia baada ya degedege huenda amelala, huenda sukari yake imeshuka na anaondoka taratibu. Tone moja la damu kwenye kipimo linakuambia ni lipi. Unabonyeza ukucha, unaachia, unangoja wekundu urudi. Ukipita sekunde 3, damu haizunguki inavyopaswa. Unamgeuza asiye na fahamu kila baada ya saa mbili ili mgongo usifanye vidonda. Unamsafisha kinywa. Baada ya hapo unarudi mwanzo, unahesabu tena, maana mgonjwa mahututi wa saa nane za usiku si yule yule uliyemwacha saa saba.

Zipo siku ambazo kazi hii inashindwa kwa sababu ambazo hazihusiani na ujuzi wa mtu yeyote. Mashine ya kuvuta oksijeni kutoka hewani inakula umeme. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yalijengwa kwenye mto wetu wa Lualaba kwa ajili ya migodi, na kobalti ya jimbo hili imo ndani ya betri za dunia nzima. Inaniuma kwamba katika jimbo hilo hilo mtoto anaweza kukosa pumzi kwa sababu taa zimezimika.

Hata hivyo nakataa kabisa fikra kwamba pasipo mashine hakuna uangalizi wa mahututi. Historia yenyewe inaikataa. Mwaka 1952 Copenhagen, mji mkuu wa Denmaki, ulivamiwa na ugonjwa wa kupooza wa polio. Katika hospitali ya Blegdam, wagonjwa 31 wa kwanza walioshindwa kupumua walitibiwa kwa vifaa vya wakati ule, na 27 wakafa. Tarehe 27 Agosti daktari wa usingizi Bjørn Ibsen alimchukua msichana wa miaka 12, Vivi Ebert, aliyekuwa akifa mbele ya wote, akaagiza atobolewe koo, akampitishia mrija, akaanza kumpulizia hewa kwa kuminya mfuko wa mpira kwa mkono. Msichana akarudi. Mashine za kuwafanyia wote hivyo hazikuwapo, basi wakaitwa wanafunzi wa udaktari, takriban 1,500 kwa jumla, wakapokezana zamu usiku na mchana, kila mmoja kando ya kitanda akiminya mfuko na kumtazama mgonjwa usoni ajue kama hewa inatosha. Vifo vikapungua chini ya nusu. Mashine za kupumulia zilizoenea hospitalini baadaye zilikuja kuchukua nafasi ya mikono ile. Mikono ndiyo iliyotangulia.

Dkt. Matthew alikuwa wa ukoo huo. Mtoto wa Kitgum, aliyezaliwa mwaka 1957, alifika Lacor mwaka 1983 kwa mafunzo ya vitendo akawa chini ya Dkt. Piero Corti na mkewe Lucille Teasdale, daktari wa upasuaji kutoka Kanada. Wawili hao walikuwa wameikuza hospitali ile tangu mwaka 1961, wakaona kwamba amepatikana wa kuwarithi. Alikwenda Liverpool kusomea tiba ya watoto wa nchi za joto, akafaulu sana, akaombwa abaki afundishe. Akarudi kaskazini mwa Uganda, kwenye vita. Mprotestanti akawa mkuu wa hospitali ya Wakatoliki. Mwaka 1989 waasi walipokuja kuwachukua watawa, alijitoa achukuliwe yeye, akazungushwa msituni kwa siku kadhaa kabla ya kuachiwa. Miaka ile maelfu ya wanavijiji walikuwa wakija jioni kulala ndani ya ua wa hospitali ili wasitekwe usiku, na malango yalifunguliwa kwa ajili yao.

Ilipokuja Ebola, aina ya Sudan ambayo haikuwa na chanjo wala dawa, kilichobaki kumpa mgonjwa kilikuwa kile kile tunachotoa Kasaji: maji mwilini, kumsafisha, kumwinua apumue, kumwangalia. Tofauti ni kwamba pale kila tone la jasho na damu lilikuwa na kifo ndani yake. Wauguzi waliingia wodini wamevaa tabaka juu ya tabaka kwenye joto la Gulu, na bado wenzao wakaanza kuugua mmoja mmoja. Dkt. Matthew aliingia pamoja nao. Hapa ndipo ninapomwita mwalimu wangu ingawa sikuwahi kumwona: hakuwafundisha kutoka ofisini. Muuguzi aliyemwona mkuu wa hospitali akivaa glavu na kusogea kitandani kwa mgonjwa alijifunza mambo mawili kwa pamoja, namna ya kuvaa na sababu ya kuvaa.

Alfajiri ya tarehe 20 Novemba aliitwa. Muuguzi Simon Ajok, aliyeambukizwa kazini, alikuwa akitokwa damu nyingi, anahangaika, hawezi kuvuta pumzi. Dkt. Matthew alivaa gauni, kofia, kitambaa cha kukinga pua na mdomo, aproni, glavu na buti. Macho hakuyafunika. Alimwinua Simon, akamsafisha, akamsaidia kupumua. Simon hakufika mchana.

Nimesikia watu wakilisimulia tukio hili kama onyo juu ya uzembe. Siwezi kukubaliana nao. Kila aliyewahi kuitwa usiku kwa mtu anayezama ndani ya damu yake mwenyewe anajua jinsi sekunde zinavyokuwa ndefu na jinsi mwili unavyotangulia kabla ya akili. Katika kazi yetu ya kila siku, wepesi huo wa kufika kitandani ndio tunaousifia, ndio tunaowafundisha vijana. Usiku ule wepesi ule ule ulimuua. Miaka yote tangu hapo ninaiona kama jitihada ya kutafuta njia ya kumkaribia mgonjwa vile vile, bila kulipa bei aliyolipa yeye.

Siku chache baada ya alfajiri ile, baada ya vifo vya wafanyakazi kufuatana, wauguzi walichoka. Walikusanyika kwenye ukumbi wa chuo chao, mamia ya watu, wakitaka hospitali ifungwe. Dkt. Matthew alikwenda kuwasikiliza kwa saa nyingi. Hakumzuia mtu kuondoka; aliwaambia kwamba yeye mwenyewe atabaki. Mwisho wakaimba pamoja, wakarudi wodini. Virusi vilikuwa vimekwisha kuingia mwilini mwake.

Homa ilimpata tarehe 26 Novemba. Alipolazwa kwenye wodi ile ile aliyoifungua, wenzake walimfanyia kila alichowafundisha, hata wakampa mashine ya kupumulia. Walikesha naye. Inasemwa alikuwa ameomba kwa Mungu kwamba ikiwa ni lazima afe, basi awe wa mwisho. Alifariki usiku wa kuamkia tarehe 5 Desemba 2000, akiwa na miaka 43, akiacha mke wake Margaret na watoto watano, akazikwa uwanjani mwa hospitali kando ya Dkt. Lucille. Mlipuko ule uliwapata watu 425 na kuua 224. Zaidi ya nusu ya waliougua walikufa. Karibu nusu wakapona, na kwa hao nataka tukae kidogo. Hawakupona kwa dawa, maana dawa haikuwapo. Walipona kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuwanywesha, kuwageuza na kuwahesabia pumzi mpaka miili yao ikapata nafasi ya kupigana.

Mwaka 2018 Ebola, safari hii ya aina ya Zaire, ilipofika Beni na Butembo huku kwetu Kongo, shirika la ALIMA lilileta vyumba vya plastiki angavu vinavyoitwa CUBE. Mgonjwa analala ndani. Muuguzi akiwa nje anaingiza mikono yake kwenye mikono ya plastiki iliyoshonwa ukutani, anamtundikia maji, anamshika. Mama anakaa kiti cha nje na kumwona mwanawe usoni. Nilipoona picha zake mara ya kwanza nilimfikiria Simon Ajok, na daktari aliyemwinua. Katika mlipuko huo huo ndipo zilipojaribiwa dawa mbili zilizoonyesha kwamba zinaokoa, moja ikiwa imetokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995, kazi ambayo Profesa Jean-Jacques Muyembe aliifuatilia kwa miaka mingi. Waliougua walipungukiwa hatari hasa walipofika mapema. Waliochelewa walihitaji kile cha zamani: mtu kando yao.

Ile aina ya Sudan iliyomuua Dkt. Matthew bado haijapata dawa iliyoidhinishwa. Januari 2025 ilirudi Uganda, na wa kwanza kutambuliwa, baada ya kufa, alikuwa muuguzi wa Hospitali ya Mulago, Kampala. Nilisoma habari ile nikiwa zamu.

Kasaji hatuna CUBE, wala siombi tuanze nayo. Ningepewa fedha kesho, za kwanza ningezitoa kwa muuguzi wa pili wa zamu ya usiku, kwa sababu mmoja hawezi kuhesabu pumzi za watoto wanne huku akiwatafuta wa kutoa damu. Kisha umeme wa jua wa kuendesha mashine ya oksijeni mpaka asubuhi. Halafu miwani ya kukinga macho itundikwe kwenye ndoano mlangoni mwa wodi, usawa wa mkono, anayekimbilia kitandani aivae akipita, na yule muuguzi wa pili amtazame usoni kabla hajamruhusu kuingia.