Maji Yasiyokwenda

Mwaka 1960 mwanafizikia Erwin Hahn alichapisha makala kuhusu namna ya kutambua mwendo wa maji ya bahari. Ilihusu bahari, si moyo. Kiini cha atomu ya haidrojeni, iliyomo katika kila tone la maji, kikiwekwa penye sumaku huyumba mithili ya pia ya mtoto inayozunguka. Na mwenye kujua kuusoma myumbo huo ataweza kusema mkondo unakwenda kwa kasi gani bila kuugusa. Msomaji wa pwani atanielewa nikisema makala hiyo ilinifurahisha kabla hata sijaielewa. Sisi mkondo tunausoma kwa rangi ya maji na kwa mvuto wa kamba ya nanga. Huyu alitaka kuyauliza maji yenyewe.

Wazo hilo ndilo leo linalopima damu katika aota, mshipa mkuu utokao moyoni. Ndani ya mashine ya MRI yenye sumaku ya tesla 1.5, pia hizo huyumba takriban mara milioni 64 kwa sekunde. Kwa kitambo kifupi mno sumaku hutiwa mteremko, yaani huwa na nguvu zaidi upande mmoja kuliko wa pili, na pia za upande wenye nguvu hutangulia wenzake. Kisha mteremko hugeuzwa, kwa nguvu ile ile na kwa muda ule ule. Pia iliyotulia mahali pake hurudisha yote iliyochukua, na daftari lake hufungwa bila deni. Iliyohama haiwezi kulipa sawasawa, maana ilikopa duka moja ikaenda kulipa duka jingine. Deni linalobaki ni pembe, na pembe hiyo hukua kadiri kasi inavyokua. Kipimo hufanywa mara mbili, kwa miteremko tofauti, kisha kimoja hutolewa katika kingine. Misuli, mifupa na mafuta hufutana. Kwenye skrini hubaki weupe kwa damu iendayo upande mmoja, weusi kwa irudiyo, na kijivu kwa chochote kisichokwenda popote.

Kijivu hicho ndicho nilichokuja kukisifu, lakini kwanza nimtaje fundi.

Yeye hukaa nyuma ya kioo akitafuta mahali pa kukata picha, juu kidogo ya vali ya aota, na mkato lazima uvuke mshipa moja kwa moja kama unavyokata ndizi ya kupika. Ukienda mshazari, kasi ya kilele itasomeka pungufu. Kisha huchagua mwisho wa kipimo. Kwa aota yenye afya sentimita 150 kwa sekunde mara nyingi hutosha. Vali ikiwa imebana, damu huruka kama maji ya bomba lililozibwa kwa kidole, na huenda ikahitajika 400 au zaidi. Akiweka kidogo mno, damu iliyopita kiwango hujigeuza rangi, na katikati ya duara jeupe huzuka doa jeusi, kana kwamba mkondo umeamua kurudi moyoni. Akiweka kikubwa mno, picha hujaa chenga, kwa sababu mizani ya gunia haipimi iliki. Mara nyingi mashine haimwondolei uamuzi huu. Humwambia mgonjwa avute pumzi, aitoe, asivute tena. Na kwa sekunde kumi na kitu, waya za kifuani zikihesabu mapigo, mashine hugonga kama fundi seremala mwenye hasira.

Hesabu yake ni nyepesi. Kasi ya kila nukta ndani ya duara huzidishwa kwa eneo lake, yote hujumlishwa kwa muda wa pigo zima, na jibu ni mililita. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika waweza kutoa 80 kwa pigo. Kwa mapigo 70, hizo ni lita 5.6 kwa dakika. Vali ikivuja, utaona 100 zikitoka na 30 zikirudi: moyo unafanya kazi ya mia, mwili unalipwa sabini. Haya yote hayakuhitaji mpira wa kuingizwa mshipani wala mionzi.

London ndiko ufundi huu ulikokomaa kwa sehemu kubwa. Mwaka 1986 Nayler, Firmin na Longmore walionyesha picha za damu ikitembea kwa mapigo, na mwaka 1993 Philip Kilner na wenzake wakaeleza kwamba katika upinde wa aota za watu wenye afya damu haiendi mbele tu kama maji ya mfereji, bali hujisokota kama kamba. Siku hizi msokoto huo huchorwa kwa pande zote tatu, mistari ya rangi ikizunguka kwenye skrini hadi watu wakapiga makofi. Inapendeza. Mimi bado naona ustadi zaidi katika lile duara dogo lisilo na rangi.

Sababu ni kwamba kipimo hiki hudanganya kwa upole. Miteremko inapowashwa na kuzimwa, huamsha mikondo ya umeme katika vyuma vya mashine yenyewe, nayo huacha deni dogo la uongo katika kila nukta. Kosa la sentimita 1 tu kwa sekunde halionekani kwa jicho. Lakini aota yenye upana wa sentimita 3 ina eneo la takriban sentimita 7 za mraba. Pigo likichukua sekunde moja, hizo ni mililita 7 ambazo hazikutoka moyoni wala hazikurudi. Karibu sehemu moja ya kumi ya pigo zima! Kwa mgonjwa aliye ukingoni, hapo ndipo palipo tofauti ya kupasuliwa na kusubiri. Kwa hiyo fundi makini, kabla hajaiamini damu, huutazama ukuta wa kifua. Ukisomeka unatembea sentimita 1 kwa sekunde, mgonjwa huyo baada ya dakika 10 angekuwa mita 6 kutoka kitandani, naye bado amelala pale pale.

Wengine hawaridhiki hata na hapo. Mgonjwa akishavaa viatu na kuondoka, hulaza kitandani chupa kubwa ya maji yaliyotulia, wakaipima kwa mkato ule ule, mteremko ule ule, muda ule ule. Kwa kuwa chupa haina moyo, mashine huagizwa ijitungie mapigo. Chumba kitupu, mlango umefungwa, kelele zimeanza tena, na nyuma ya kioo mtu ameinamia skrini, anangoja maji yasiyokwenda yaseme yanakwenda kiasi gani, ili akiondoe kiasi hicho katika damu ya mwenzake.