Wanaookota Umri wa Bahari

Donge la udongo wa mfinyanzi lililochimbwa kusini mwa Kilwa hutiwa majini na kuachwa lilainike. Likishameguka, humiminwa kwenye chekecheo lenye matundu ya milimita 0.063, na maji hupitishwa polepole mpaka yanayotoka chini yawe meupe. Kinachobaki juu ni chembechembe za kujaa kijiko. Hukaushwa kwa joto dogo, kisha hutawanywa kwenye kisahani cheusi kilichochorwa miraba. Hapo mtaalamu huvuta kiti, akainamia hadubini, akalowesha ncha ya brashi yenye nywele chache na kuanza kuokota, chembe moja baada ya nyingine.

Anachookota ni maganda ya foraminifera, viumbe wa seli moja wanaoishi baharini na kujijengea nyumba, wengi wao kwa chokaa, chumba juu ya chumba. Wengi hawafiki hata milimita moja. Wale wanaoelea karibu na uso wa bahari wakifa, maganda yao hushuka hadi sakafuni na kufunikwa na matope, na kazi hiyo imeendelea kwa mamilioni ya miaka. Aina mpya huzuka, aina za zamani hutoweka, na mikondo huisambaza aina ileile katika bahari nyingi. Ndiyo maana mkusanyiko wa maganda katika kijiko kimoja cha matope unaweza kutuambia tabaka hilo lilitandikwa lini.

Kwetu Kisii na Nyamira ufundi huu hauna pa kushika. Miamba ya ukingo wa Manga na ile inayotupa jiwe la sabuni kule Tabaka ni ya kale mno, ilianza kuumbika zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita, kabla ya kiumbe yeyote wa aina hii kuacha ganda duniani. Ukisaga kilima kizima huokoti hata moja. Lakini tunayo njia ya kuuelewa ufundi wenyewe. Mchongaji wa Tabaka hapigi panga jiwe kabla ya kuligeuza mkononi, kulilowesha na kufuata mishipa yake kwa macho, kwa sababu ufa aliouruka leo utamvunjia kinyago kesho. Mtu wa hadubini naye hufanya kazi kwa jicho la namna hiyo, lililonolewa na miaka ya kutazama kitu kimoja.

Tazama anavyotofautisha. Huhesabu vyumba vya mzunguko wa mwisho. Hutafuta mlango wa ganda uko wapi, umeinama upande gani, una mdomo au hauna. Huangalia ukingo kama ni mviringo au umechongoka, na vinyweleo vya ukuta kama vimesambaa sawasawa. Ganda changa la aina moja linaweza kufanana na ganda pevu la aina nyingine, kwa hiyo hahukumu kwa ganda moja. Hukusanya mengi, huyapanga kwa ukubwa, na kuuliza kama yanatoka katika ukoo mmoja. Kisha huyabandika kwenye kipande chenye miraba midogo, kila aina mahali pake, ili mtu mwingine aje ayaangalie na kumpinga ikibidi.

Sehemu ninayoistahi zaidi ni jinsi fundi huyu anavyoyashuku matope yake mwenyewe. Mawimbi na mito huweza kubomoa tabaka la zamani na kuyaangusha maganda yake katika matope mapya, na asiye mwangalifu ataliongezea tabaka changa mamilioni ya miaka. Katika visima vya mafuta, vipande vya juu huporomoka ndani ya shimo na kuchanganyika na vya chini. Kwa hiyo mtaalamu wa visima hutegemea zaidi mahali aina inapoonekana kwa mara ya kwanza akishuka, maana hapo ndipo ilipotoweka duniani. Tena, kwenye vina virefu sana vya bahari maji huyeyusha chokaa, na maganda hupotea yasionekane kabisa. Kukosekana kwa ganda, basi, si ushahidi mpaka sababu yake ijulikane.

Wala visukuku havitaji miaka kwa nambari. Vyenyewe hutoa mfuatano tu, nani alitangulia na nani alifuata. Nambari hutoka kwa mashahidi wengine. Majivu ya volkano hupimwa umri kwa madini yake. Usumaku uliohifadhiwa katika mashapo huonyesha lini ncha za sumaku za dunia zilibadilishana. Mabadiliko ya polepole ya mzunguko wa dunia kulizunguka jua nayo huacha mapigo yake katika matabaka. Vizazi vya wataalamu vimeoanisha ushahidi huo na maganda, na leo fundi akiona aina fulani hujua iko wapi katika kalenda hiyo ndefu. Meli ya utafiti Glomar Challenger ilipotoboa sakafu ya bahari mbele ya pwani ya Kenya mwaka 1972, mahali palipoitwa Kituo 241, penye kina cha zaidi ya mita 4,000 za maji, visukuku hivi vidogo vilikuwa miongoni mwa vitu vilivyosomwa ili kujua umri wa kila kipande cha matope kilichopandishwa.

Hata hivyo, hazina kubwa ya Afrika Mashariki haiko chini ya maji. Iko nchi kavu, Kilwa na Lindi, ambako sakafu ya bahari ya kale imeinuliwa na sasa watu wanalima juu yake. Mwaka 1962 Walter Blow na Frederick Banner walichapisha maelezo ya foraminifera wanaoelea kutoka Lindi ambayo wataalamu wa dunia nzima wangali wanayarejea. Baadaye ulikuja Mradi wa Uchorongaji wa Tanzania, uliowaunganisha watafiti kama Paul Pearson na Chris Nicholas na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC. Walitoboa visima vifupi nchi kavu, na matabaka waliyoyachunguza yamepewa majina ya mahali pale pale: Nangurukuru, Kivinje, Masoko, Pande.

Sifa ya matope hayo ni ufinyanzi wake. Udongo ulio mzito hauruhusu maji kupita, kwa hiyo maganda yamekaa humo bila kuguswa na bado yanapitisha mwanga kama yalivyokuwa hai. Kwingineko, katika mashapo ya bahari kuu, maganda mengi ya umri uleule yamegeuka meupe, chokaa yake ikiwa imejijenga upya katika maji baridi ya sakafuni. Mwaka 2001 Pearson na wenzake walionyesha uzito wa tofauti hiyo. Maganda yaliyogeuka yalikuwa yakidanganya kwamba bahari za tropiki za enzi ya Eosini zilikuwa baridi. Maganda safi, yakiwemo ya Tanzania, yalionyesha maji ya joto. Swali kubwa la tabianchi ya dunia lilinyooshwa na mtu aliyejali kuuliza kama ganda ni safi.

Katika visima vya jirani na Pande, wataalamu walifuata mwisho wa enzi hiyo hatua kwa hatua. Humo mna ganda liitwalo Hantkenina, ambalo kila chumba chake kimeota mwiba mrefu. Kwanza kundi jingine la foraminifera, lile la Turborotalia cerroazulensis, linatoweka. Makumi ya maelfu ya miaka baadaye, ambayo katika matope ni mwendo mfupi tu, Hantkenina nayo haionekani tena. Kutoweka huko, takriban miaka milioni 34 iliyopita, ndiko kunakotumika kimataifa kuweka mpaka kati ya Eosini na Oligosini, wakati barafu kubwa ilipokuwa ikianza kutanda Antaktika. Ili kuuweka mpaka huo, mtu alilazimika kuosha sampuli baada ya sampuli na kukaa akitafuta mwiba usiokuwepo.

Mwanzo wa ukoo huo nao umeonekana Tanzania. Mwaka 2014 Pearson na Helen Coxall walieleza jinsi Hantkenina ilivyochipuka polepole kutoka kwa jamaa zake wasio na miiba, na aina ya mapema kabisa wakaiita Hantkenina singanoi, kwa heshima ya Joyce Singano, mtaalamu wa visukuku vidogo wa TPDC. Sijui heshima inayomfaa fundi kuliko hiyo. Hakupewa sanamu wala barabara; alipewa kiumbe ambacho kila atakayesoma enzi hiyo, awe Dublin au Dar es Salaam, atalazimika kukitambua kwa jicho lake na kukiita kwa jina la mwanamke aliyetazama kabla yake.

Kisii na Nyamira pia kuna matope ya kusomwa, ijapokuwa si ya bahari. Mto Sondu na Mto Gucha hupeleka udongo wa milima yetu Ziwa Viktoria, na chini ya ziwa hilo umelala pamoja na maganda ya diatomu, mwani wa seli moja wenye kuta za silika. Mashapo yake yamefichua kwamba ziwa lilikauka kabla ya kujaa upya takriban miaka 15,000 iliyopita. Yameonyesha pia kwamba katika karne ya 20 diatomu za jenasi Aulacoseira zilipungua na Nitzschia zikashika nafasi yao, kwa sababu maji yalirutubishwa kupita kiasi na vitu vitokavyo nchi kavu. Mashamba yanayolizunguka ziwa yamo katika kumbukumbu hiyo.

Kwa hiyo ningependa kijana wa Nyamira anayependa sayansi ajue kwamba kazi hii ipo, na kwamba haihitaji meli kuanza. Inahitaji ndoo, chekecheo, hadubini, na mwalimu aliye tayari kukaa naye hadi jicho lake lijifunze. Mashine zitasaidia kupanga picha, lakini lazima awepo mtu wa kuzifundisha ganda lipi ni safi, lipi limeletwa na mafuriko, na wapi pa kusema kwamba ushahidi hautoshi. Mtu huyo hutengenezwa kwa miaka mingi, na nchi isiyomtengeneza wake italazimika kungoja wageni waje kuisomea matope yake.