Uwindaji Usio na Majeruhi

Mchezo wa kupiga kwa shotgani visahani vinavyorushwa angani husifiwa kwa mambo mepesi: hewa safi, matembezi, babu na mjukuu kushinda pamoja siku nzima. Ni kweli, lakini hata pikiniki ya Marangu ina hayo yote. Upekee wa mchezo huu uko kwenye umbo lake, na umbo hilo linasomeka kama shairi linavyosomeka: beti zimegawanywaje, pumzi inakatwa wapi, na mtunzi ameacha nini nje.

Tuanze na beti. Njia hupita vichakani ikiwa na vituo kumi au zaidi kidogo, na raundi kamili kwa kawaida ni visahani 100. Kisahani cha kawaida ni kidogo, milimita 110 kwa upana na gramu 105 kwa uzito, na kimefinyangwa kwa lami na unga wa chokaa. Mpigaji husimama ndani ya fremu inayouzuia mtutu usigeukie watu, anaita, mtambo unarusha. Visahani huja viwili viwili. Kuna jozi inayotoka kwa mkupuo mmoja, na hiyo haina mengi ya kusemwa. Jozi inayostahili mhakiki ni ile ambayo kisahani cha pili hurushwa kwa mlio wa risasi ya kwanza. Hapo mpangaji wa uwanja anafanya kazi ya malenga: ukwapi, kipande cha kwanza cha mshororo, ndio unaouita utao, kipande cha pili. Tuseme kisahani cha kwanza kinabiringika ardhini kwa ukingo, mfano wa sungura anayekatiza njia, na cha pili kinapaa wima kama bata aliyeshtuliwa majini. Kila kimoja peke yake ni rahisi, hata mwanagenzi atakipata. Ugumu umefichwa kwenye mwanya ulio kati yao, pale macho yanapodaiwa kuiacha ardhi na kupanda angani ilhali mwili bado umeinamia chini. Mpangaji asiye na kipaji huongeza kasi na umbali, basi. Mwenye kipaji huugombanisha mshororo wa kwanza na wa pili.

Umbo hili lina kanuni nyingine ya ndani. Marisau, yaani vipunje vya risasi ya shotgani, hayafiki papo hapo: kwa lengo lililo mita 30 mbali yanahitaji takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde, na ndani ya muda huo kisahani kimeshasogea mita moja na nusu au zaidi. Anayekilenga chenyewe atapiga mahali kilipokuwa. Lazima apige hewa tupu iliyo mbele yake, kwa imani kwamba vitakutana. Msomaji wa mashairi ya arudhi anaijua raha hiyo, maana sikio lake hukitangulia kina.

Sasa tuangalie kilichoachwa nje. Katika Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 1900, walengaji walipiga njiwa hai, nao wakafa kwa mamia. Miaka ishirini kabla ya hapo, George Ligowsky wa Cincinnati, Marekani, alikuwa tayari amebuni kisahani cha udongo cha kushika nafasi ya ndege. Uingereza ilipiga marufuku kulenga njiwa hai wanaoachiliwa kutoka vizimbani mwaka 1921, na shule za ulengaji za huko ndizo zilizolea mtindo huu wa vituo vinavyoiga mwendo wa wanyama na ndege wa mawindo. Mnyama akaondoka, mwendo wake ukabaki.

Hakuondoka peke yake. Soma kanuni ya alama: kisahani kikimeguka kipande kinachoonekana, kimehesabika, sawasawa na kilichosambaratika kuwa vumbi. Ama kimepigwa, ama kimekoswa. Mchezo huu hauna majeruhi. Kwa mwindaji wa kweli majeruhi ndiye deni zito kuliko yote, kwa sababu lazima amfuate nyikani hadi mwisho. Mwandishi Ernest Hemingway, aliyewinda Tanganyika kati ya 1933 na 1934, alilielewa hilo. Hadithi zake mbili za mwaka 1936 zimesimama juu ya jeraha. Katika ile ya Francis Macomber, simba aliyejeruhiwa na kuingia majanini ndiye anayeisukuma njama yote. Katika ile inayobeba jina la theluji ya Kilimanjaro, mhusika mkuu, naye ni mwandishi, anakufa polepole kwa mchubuko wa mwiba uliooza; mkewe huenda kuwinda mbali na kambi, na msomaji haonyeshwi mnyama akianguka. Ondoa jeraha, hadithi zote mbili zinaporomoka. Ndiyo maana nasema mchezo wa visahani una ushairi lakini hauna hadithi. Hiyo ndiyo bei ya kumkaribisha mtoto, na kwangu ni bei ya haki.

Mtoto mwenyewe ana nafasi gani? Kundi la watu sita likifika kituoni, mmoja anapiga na watano wanangoja, bunduki zao zimefunguliwa ili kila mtu aone hazina risasi. Sehemu kubwa ya siku ni kutazama. Mtoto akipewa kazi ya kubonyeza kitufe cha mtambo na kuandika alama, huyo ni mshiriki kamili, na bado hajagusa silaha. Waandaaji wanaomkabidhi bunduki haraka ili wazazi wapige picha hawajalisoma umbo la mchezo wao wenyewe.

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro shairi hili linakosa ukurasa. Linataka nafasi tupu nyuma ya kila lengo, kwani marisau yaliyokosa huweza kuruka takriban mita 275. Juu ya mji wa Moshi hakuna utupu huo. Vihamba vingi, yaani mashamba ya familia, havifiki hekta moja. Migomba imeshikana na mibuni, na nyuma ya mgomba kuna nyumba, na nyuma ya nyumba kuna kihamba cha jirani. Ukipanda zaidi unaingia msitu wa Hifadhi ya Taifa. Umbo lililotungiwa mashamba mapana ya matajiri wa Uingereza haliwezi kubandikwa kwenye ardhi ambayo kila hatua yake ina mwenyewe. Watoto wa wachungaji walitunga lao linaloenea popote: mmoja anabiringisha duara, wenzake wanalilenga kwa vijiti. Ni kile kile kisahani cha sungura, bila baruti.

Kwa hiyo mlimani, hapana. Tambarare, mbali na makazi na mapito ya mifugo, kwa leseni na usimamizi mkali, inawezekana, mradi mpangaji asije na ndege wa Kiingereza mfukoni. Atunge kutokana na kanga, anayekimbia kwanza na kuruka akishabanwa, na kwale, anayefumuka ghafla karibu na miguu ya mtu. Asipofanya hivyo, atakuwa amenakili tu, na nakala hata iwe na mandhari ya kilele cha Kibo nyuma yake haistahili kiingilio.