Mtungi wa Kilo 6 Chini ya Sufuria ya Ugali

Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita vya Kivu. Mwaka 2015 Warundi wakamiminika, na kule Kibondo kambi ya Nduta ikafunguliwa upya. Kuni zikaleta balaa: msitu ukasogea mbali, wanawake wakavamiwa porini, wenyeji wakanung'unika. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, likajaribu kuzigawia baadhi ya kaya za Nyarugusu gesi ya mitungi.

Majaribio yale hujadiliwa zaidi kwa bei ya kujaza. Mimi nautazama mtungi wenyewe, kwa kuwa mkakati wa taifa wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi, na huku kwetu wengi wataanzia kwenye mtungi wa kilo 6 wenye jiko juu yake.

Mtungi huo unafaa chai na mboga. Ugali ni habari nyingine. Sufuria iko juu, mtungi ni mwembamba, na mpishi anasonga kwa mikono miwili; vyote huyumba pamoja. Mtungi uwekwe kwenye sakafu tambarare, mtu wa pili ashike sufuria. Sufuria pana mno, au wavu wa nyama choma uliofunikwa bati, hurudisha joto chini kwenye koki, mahali pasipotakiwa joto hata kidogo. Mwenye kuchoma nyama kila wiki atafute jiko la pembeni lenye mpira na regyuleta, mtungi ukae mbali na mafuta yanayodondoka.

Maharage nayo yana mtego wake. Yakichemka saa nyingi, moto hufifia gesi ikiwa bado imo. Watu husingizia baridi ya Kibondo, lakini propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri na butani karibu na sifuri yenyewe. Baridi yetu peke yake haifiki huko. Gesi inapogeuka kutoka kimiminika kuwa mvuke hunyonya joto la mtungi, na mtungi ukipoa mgandamizo hushuka. Dawa ni kuzima kidogo, au kuloweka maharage tangu jana yake. Kuulaza mtungi ni hatari: kimiminika chenyewe hufika kwenye jiko na moto huruka. Kuupasha mtungi moto, sitaki hata kueleza.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa, propani kama mara 1.5, butani mara 2, hivyo ikivuja hutambaa sakafuni. Kidirisha cha juu cha nyumba ya tofali hakiitoi. Mlango ulio wazi mpaka chini ndio huitoa. Ukinusa harufu, funga koki, usiguse swichi wala kiberiti, fungua milango, toa mtungi nje.

Mteja hurudisha mtungi mtupu na kupewa mwingine uliopita mikono mingi, kwa hiyo kila ubadilishapo, maungio ni mapya. Angalia mpira wa duara unaoyaziba kama haujapasuka, kaza, paka povu la sabuni. Mapovu yakivimba, usiwashe, urudishe dukani. Na kabla ya kulipa, dai mizani: uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake, ongeza kilo 6, uzito usipungue hapo.