"Toleo Maalumu": Uhakiki wa Istilahi za Magari ya Maadhimisho ya Taifa

Si muda mrefu umepita tangu tulipoletewa karatasi ya matangazo ya gari, iliyofasiriwa kwa Kiswahili na kupelekwa katika ofisi moja ya umma mjini Arusha. Sentensi yake ya kwanza ilisema: "Gari hili ni toleo maalumu pungufu linaloadhimisha miaka 60 ya taifa." Afisa ugavi aliyeipokea alikuwa na maswali matatu. Je, gari hilo limeundwa tofauti na yale ya kawaida, au limepakwa rangi tu? Vipuri vyake ni vile vile vinavyouzwa madukani, au vitaagizwa kwa njia ya peke yake? Na kama limepungua, kwa nini bei yake imezidi? Mfasiri alipoulizwa alijibu kwamba yeye amefasiri maneno kama alivyoyakuta.

Jibu hilo halitoshi. Fedha ya umma ilikuwa ikingoja kauli ya mfasiri, na kauli yenyewe ilikuwa imefumbwa. Kwa sababu hiyo tumeona inafaa kuyachunguza maneno hayo, moja baada ya jingine, na kuona lipi linaifanya kazi yake na lipi linawapotosha watu.

Kwanza yatupasa kutenganisha vitu vyenyewe, maana istilahi haiwezi kunyooka ikiwa dhana imepinda. Vitu vinavyofungwa katika fungu hili moja la "magari ya maadhimisho" ni vitatu.

Kitu cha kwanza ni gari lililoundwa kiwandani kwa ajili ya maadhimisho, kwa idadi iliyopangwa tangu mwanzo. Mfano mashuhuri ni wa Marekani mwaka 1976, taifa hilo lilipotimiza miaka 200. Kampuni ya Cadillac iliyafanya magari 200 ya mwisho ya Eldorado yenye paa la turubai yafanane yote: meupe, yenye mistari myembamba myekundu na ya buluu.

Kitu cha pili ni gari la kawaida lililopambwa kwa muda. Mwaka 1977 Malkia Elizabeth wa Pili alipotimiza miaka 25 ya utawala, mabasi 25 ya ghorofa ya jijini London yalipakwa rangi ya fedha badala ya nyekundu. Injini, viti na magurudumu havikuguswa, na sherehe zilipokwisha mabasi hayo yalirudishiwa wekundu wake. Ndivyo ilivyo kwetu pia. Mwaka 2011, Tanzania Bara ilipotimiza miaka 50 ya Uhuru, kaulimbiu ilikuwa "Tumethubutu, Tumeweza, Tunazidi Kusonga Mbele". Gari la ofisi likibandikwa kaulimbiu kama hiyo mlangoni, halibadiliki kuwa gari la aina nyingine.

Kitu cha tatu ni gari ambalo halikuundwa wala kupambwa kwa ajili ya sherehe yoyote, bali limepata heshima kwa sababu ya historia lililoipitia. Mfano ni magari yaliyotumiwa na Mwalimu Nyerere, ambayo yamehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Sasa tuyatazame maneno yenyewe.

*Toleo*. Neno hili limetokana na kitenzi "toa" katika kauli yake ya kutendea. Limezoeleka kwa magazeti na vitabu, na siku hizi limehamia hata katika programu za kompyuta. Kwa hiyo si haki kulikataa kwa hoja kwamba gari halichapwi. Neno lililokwisha kuvuka kutoka kitabuni hadi katika kompyuta linaweza kuvuka tena hadi kiwandani. Kasoro yake iko katika wingi. Katika makanisa ya Arusha na ya Meru, kama ilivyo katika makanisa mengi ya nchi yetu, "matoleo" ni sadaka. Mkazi wa Tengeru akisoma tangazo la "matoleo maalumu ya gari" ana kila haki ya kudhani kwamba usharika unachangishwa ili umnunulie mchungaji chombo cha kusafiria. Dosari hiyo haitoshi kuliua neno, lakini inamfundisha mfasiri asiliache neno hilo likae peke yake. Aandike "magari ya toleo la maadhimisho", wala si "matoleo".

*Maalumu*. Wafasiri wengi hulitumia neno hili kwa maana moja tu, ile ya kitu kisicho cha kawaida. Wanasahau kwamba asili yake ya Kiarabu ni kitu kinachojulikana, na kwamba Kiswahili kimeihifadhi maana hiyo: "siku maalumu" ni siku iliyowekwa, na "idadi maalumu" ni idadi iliyotajwa na kuwekewa mpaka. Hapo pana hazina ambayo mfasiri wa karatasi yetu ameipita bila kuiona.

*Pungufu*. Kilicho pungufu kimekosa kitu kilichostahili kuwamo. Mzani pungufu humwibia mnunuzi, na hesabu pungufu humpeleka karani mbele ya mkaguzi. Kusema "toleo pungufu" ni kuliaibisha gari lile lile unalotaka kulisifu. Maana iliyokusudiwa ni kwamba kiwanda kimejiwekea mpaka wa idadi, na maana hiyo inabebwa vizuri na "toleo la idadi maalumu". Tena idadi yenyewe ni lazima itajwe. Tangazo linalosema idadi ni maalumu bila kuitaja halijasema kitu.

*Linaloadhimisha*. Kuadhimisha ni kukipa kitu utukufu, na watendaji wa tendo hilo ni watu. Gari haliadhimishi chochote. Watu ndio wanaoadhimisha, nalo ni chombo chao. Lugha yetu imetupa kauli ya kutendea kwa haja hiyo hiyo: tuna kisu cha kukatia na kalamu ya kuandikia, basi na tuwe na gari la kuadhimishia. Anayeona umbo hilo ni refu atumie jina: "gari la maadhimisho".

*Kumbukumbu*. Wengine wamependekeza "gari la kumbukumbu", wakifuata mfano wa sarafu ya kumbukumbu. Hoja yao ina nguvu, kwa kuwa neno hili limekwisha kukaa katika sarafu na stempu. Hata hivyo, linapohusu watu na siku, kumbukumbu huelekea sana kwenye msiba. Tarehe 7 Aprili kila mwaka tunafanya kumbukumbu ya kifo cha Mzee Karume, aliyeuawa mwaka 1972. Ukiliweka neno hilo ubavuni mwa gari, huenda wapita njia wakavua kofia.

*Jubilei*. Hili lina mizizi ya kanisani, na waumini wa Arusha wanajua kupambanua jubilei ya fedha na ya dhahabu bila kufundishwa. Ubaya wake ni kwamba limefungwa kwenye miaka 25, 50 na mengine machache. Miaka 60 ya Muungano, iliyotimia tarehe 26 Aprili 2024, inaweza kuitwa jubilei ya almasi, lakini miaka iliyo nje ya hesabu hizo chache tungeiita jubilei ya nini? "Maadhimisho" hayana shida hiyo, kwani yanapokea hesabu yoyote.

Huenda msomaji akauliza kama haya yote hayangeachiwa barabara yenyewe iamue. Kwa hakika barabara ni mwalimu mkubwa wa istilahi. Mjini Arusha basi dogo la abiria huitwa kifodi, na wingi wake vifodi. Jina la Ford limepewa kiambishi cha ngeli na kuwa mwenyeji kiasi kwamba hata magari ya Toyota yanayokwenda Ngaramtoni au Usa River huitwa vivyo hivyo. Daladala nayo imetokana na dala, yaani shilingi tano iliyokuwa nauli. Na katika miaka ya Azimio la Arusha, lililopitishwa mjini humo mwezi Januari 1967, wananchi waliwabatiza wakubwa wenye kujilimbikizia mali kwa jina la Wabenzi, kutokana na gari la Mercedes-Benz. Hakuna kamati iliyokaa kuliunda neno hilo, lakini uchungu wake ulifika mahali ambapo hotuba nyingi hazikufika.

Hata hivyo barabara huvipa majina vitu inavyoviona kila siku. Gari la maadhimisho huja mara moja katika miaka kumi, likiongozana na hati za zabuni, za bima na za forodha. Hati hizo haziwezi kungoja utani wa kondakta. Hapo ndipo kazi ya Baraza inapoanza.

Yapo na maadhimisho ya kampuni, nayo yasichanganywe na ya taifa. Mwezi Oktoba 2024 mji wa Arusha ulifanya tamasha la Land Rover, na magari hayo yakakusanyika kwa wingi chini ya Mlima Meru. Land Rover ilianza mwaka 1948, na mwaka 2018 kampuni ilitoa Defender 150 zenye injini kubwa kwa kutimiza miaka 70. Hayo ni maadhimisho ya kiwanda. Muuzaji anayeyapachika magari ya namna hiyo jina la taifa anaazima heshima isiyo yake, na mfasiri anayekubali kumwandikia hivyo ni mshiriki wake.

Kwamba maneno haya si mchezo, Wamarekani wanajua. Zile Eldorado za mwaka 1976 ziliuzwa kwa sifa kwamba ndizo za mwisho za aina yake. Kampuni ilipoanza tena kutengeneza Eldorado za paa la turubai katika miaka ya 1980, baadhi ya walionunua za awali walikwenda mahakamani. Neno moja, "mwisho", ndilo lililowapeleka huko.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo. Gari lililoundwa kiwandani kwa ajili ya sherehe ya taifa liitwe *gari la toleo la maadhimisho*, na pale ambapo kiwanda kimeweka mpaka, iongezwe *la idadi maalumu* na idadi yenyewe itajwe. Gari la kawaida lililotiwa rangi au nembo liitwe *gari lililopambwa kwa maadhimisho*, bila neno toleo. Gari lililohifadhiwa kwa sababu ya yaliyotendeka ndani yake liitwe *gari la kihistoria*. Sentensi ya karatasi yetu ingesomeka hivi: "Gari hili ni la toleo la maadhimisho ya miaka 60 ya taifa, la idadi maalumu," kisha idadi. Na kama ukweli ni kwamba limebandikwa nembo tu, iandikwe hivyo, na bei ijitetee yenyewe.

Yule afisa ugavi alirudisha karatasi bila kutia sahihi, akaomba maelezo mapya. Tunaona alitenda sawa. Walimu, wafasiri na watumishi wa umma wenye mapendekezo bora kuliko haya wanaombwa wayalete, pamoja na mifano ya matumizi kutoka mahali wanapofanyia kazi.