Mguso kama Haki ya Mtoto: Uhakiki wa Filamu ya Daughters kwa Kurejelea Nkombo, Rwanda

Makala haya yanahakiki Daughters (2024), filamu ya hali halisi ya Angela Patton na Natalie Rae, kwa kuuliza ni funzo lipi kati ya mafunzo yake linalofaa Nkombo, kisiwa cha Ziwa Kivu katika Wilaya ya Rusizi.

Filamu inawafuata mabinti wanne ambao baba zao wamefungwa jijini Washington. Baba hao huhudhuria mafunzo ya ulezi kwa wiki kumi, kisha huruhusiwa kucheza dansi na binti zao kwa siku moja. Kilele cha kisanaa ni pale wanaume hao, wakiwa wamevaa suti badala ya sare za jela, wanapoketi kwa safu wakiwasubiri watoto. Hata hivyo, ukweli mzito unajitokeza baadaye. Binti mdogo zaidi, aliyekuwa na miaka mitano na maneno mengi, anakua na kunyamaza. Hapo filamu inakiri kwamba siku moja hailipi miaka.

Kasoro ya kwanza ni hitimisho lake la kitakwimu. Watazamaji wanaelezwa kuwa asilimia 95 ya baba walioshiriki hawakurudi gerezani, lakini hawapewi kundi la kulinganishia. Walioomba kushiriki huenda tayari walikuwa na azma ya kubadilika. Mshauri wa sera hapaswi kuiazima takwimu hiyo.

Kasoro ya pili ni ngumu zaidi. Filamu haitaji makosa ya baba hao. Kimya hicho kinamlinda mtoto dhidi ya kuhukumiwa kwa kosa la mzazi, lakini kinamwondoa aliyekosewa katika simulizi. Nchini Rwanda, ambako mahakama za Gacaca zilisikiliza kesi zipatazo milioni 1.9 kabla ya kufungwa rasmi Juni 2012, aliyekosewa mara nyingi ni jirani. Filamu za Anne Aghion kuhusu Gacaca ziliwaweka wanusurika na watuhumiwa katika simulizi moja. Mradi wa Rusizi utakaoiga kimya cha Daughters utawafariji baadhi na kuwaumiza wengine.

Kinachobaki ni mguso. Filamu inaonyesha jinsi simu za video zilivyochukua nafasi ya kukutana ana kwa ana katika jela nyingi za Marekani. Kwa binti wa Nkombo, ambaye lazima apande mtumbwi au boti kabla hajaianza safari ya kwenda gerezani, simu hiyo inaweza kuonekana nafuu. Hapo ndipo penye hatari: nafuu ya mawasiliano ikigeuka mbadala wa kukutana, umbali utakuwa umehalalishwa.

Hivyo, thamani ya Daughters kwa watunga sera ni kumhamisha mtoto kutoka pembezoni hadi katikati. Ziara isihesabiwe kuwa tuzo ya mfungwa mwenye nidhamu. Ni haki ya mtoto ambaye hakushtakiwa kwa lolote. Nauli ya kuvuka ziwa nayo ni sehemu ya haki hiyo.