Mwanzo wa Filamu ya Taharuki

Vijana wa sekondari wanapokusanyika kutunga filamu fupi ya taharuki, aghalabu swali lao la kwanza ni nani atakayeshika bastola. Swali hilo si baya, ila limekuja kabla ya wakati wake. Dakika mbili au tatu za mwanzo wa filamu ya namna hii hazijengwi kwa silaha, bali kwa mgawanyo wa maarifa: mtazamaji anajua nini, mhusika anajua nini, na ni lipi ambalo wote wawili bado hawajalijua. Asiyeliamua jambo hili mezani, kwa kalamu na karatasi, hataliweza mbele ya kamera.

Alfred Hitchcock, mwongozaji Mwingereza aliyefanya sehemu kubwa ya kazi yake Marekani, alilifafanua jambo hili mwaka 1962 alipozungumza na François Truffaut wa Ufaransa. Tuseme watu wameketi wakizungumza, na chini ya meza yao pana bomu. Likilipuka ghafla, mtazamaji hushtuka kwa sekunde chache tu. Lakini akiwa ameonyeshwa bomu hilo tangu awali, na akajua saa ya kulipuka kwake, mazungumzo yale yale ya kawaida yatamtia wasiwasi kwa dakika nyingi. La kwanza ni mshtuko. La pili ndilo liitwalo taharuki.

Orson Welles alishika njia hiyo katika Touch of Evil ya mwaka 1958. Mikono inatega saa ya bomu, bomu linatiwa katika buti ya gari, na gari linaondoka na watu wawili wasio na habari. Kamera inaufuata mwendo wake katika mji wa mpakani mwa Mexico na Marekani kwa zaidi ya dakika tatu bila picha kukatwa, mpaka mlipuko unapotokea. Walakini studio ya Universal ilitandaza majina ya watendaji juu ya picha hizo na kuzifunika kwa muziki wa Henry Mancini. Mwaka 1957 Welles alikwisha kuandika waraka wa kurasa 58 kueleza jinsi alivyotaka filamu yake irekebishwe. Mwaka 1998, Walter Murch aliihariri upya kwa kuufuata waraka huo: majina yaliondolewa, na mahali pa muziki ule zikasikika sauti za mtaa wenyewe. Tangu hapo jicho la mtazamaji halina kazi ya kusoma. Lina kazi moja tu, kulitafuta gari. Basi mwanafunzi na ajue kwamba mahali pa kuweka majina ni sehemu ya mpango wa filamu, si pambo la kubandikwa baadaye.

Hata hivyo, mimi singeichagua Touch of Evil iwe kielelezo cha kwanza darasani. Ustadi wake unamvuta kijana atamani mitambo asiyokuwa nayo. Kielelezo bora kwake ni M ya Fritz Lang, iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1931. Mwanzoni watoto wanacheza uani huku wakiimba wimbo wa mwuaji. Mama mmoja anafua nguo, saa inagonga adhuhuri, naye anaandaa meza kwa ajili ya binti yake, Elsie, anayetoka shule. Njiani Elsie anaudundisha mpira wake juu ya tangazo la zawadi kwa atakayefichua mwuaji wa watoto. Kivuli cha mwanamume kinaangukia juu ya tangazo hilo. Mtu huyo anamnunulia puto kwa kipofu, huku akipiga mluzi. Mama anangoja, anachungulia ngazini, anaita. Tunaonyeshwa ngazi tupu, dari yenye nguo zilizoanikwa, sahani isiyoguswa. Kisha mpira unabingirika majanini peke yake, na puto linanasa katika nyaya za simu.

Hatukuona pigo wala damu, na sura ya mwuaji bado imefichwa. Walakini tumeelewa yote. Tena hakuna kilichowekwa bure: mluzi ule ule ndio utakaomwezesha kipofu kumtambua mwuaji hapo baadaye. Huu ndio mpango, yaani kupanda mwanzoni mbegu itakayovunwa mbele.

Lang na mkewe Thea von Harbou, walioandika filamu hiyo pamoja, waliandika kwa watu walioijua hofu ya namna hiyo. Mwaka 1930 tu, Peter Kürten, mwuaji wa Düsseldorf, alikuwa amekamatwa. Hapa ndipo utafiti unapoanza: kuuliza watu wa mahali hapa wanaogopa nini. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alilijua hili katika riwaya yake ya upelelezi, Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Maiti yake aliiweka mahali ambapo wenyeji walikwisha kupaogopa.

Kwa hiyo mwanafunzi na aende mahali atakapopiga picha, saa ile ile atakayopiga, asikilize na kuandika. Je, mwanga unatoka upande gani? Ni sauti gani isipokuwepo watu hustuka? Ndoo iliyoachwa bombani ikijaa na kufurika, na mwenyewe haonekani, yaweza kufanya kazi kubwa kuliko bastola ya kuazima.

Wapo wazazi wanaosema kwamba filamu za uhalifu huwazoesha vijana ukatili. Hoja yao haifai kupuuzwa, kwani filamu inayoanza kwa maiti isiyo na jina humfundisha mtazamaji kwamba kifo cha mtu ni fumbo la kuchezea. M inafanya kinyume: kabla ya kutuonyesha mwuaji, imetuonyesha mama, chakula na kiti kinachongojewa. Mwalimu anayesahihisha mpango wa filamu za wanafunzi wake na aulize kwanza: huyu aliyepotea, nyumbani kwake anangojewa na nani? Wasipokuwa na jibu, wasiwashe kamera. Warudi mezani waandike upya.